KIPUPWE CHA KASENSE NA KIDEVU CHA MSAFIRI

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Sumbawanga hujitayarisha kwa mengi. Hufikiri juu ya urefu wa njia, ambao wapita kilometa 1,100; hufikiri juu ya chakula cha njiani na nauli ya kurudia; na kama ana jirani mwenye busara, huazima sweta. Lakini kuna kitu kimoja ambacho karibu kila mwanamume aendaye huko kwa mara ya kwanza, katika mwezi wa Juni au wa Julai, hukisahau kabisa, ingawa anakibeba mwenyewe usiku na mchana. Kitu hicho ni kidevu chake.

Hazipiti siku nyingi kidevu hicho humkumbusha. Kwanza huwasha. Kisha ndevu zilizokuwa laini huko pwani huwa kavu na ngumu kama nyuzi za katani. Kisha unga mweupe huanza kuonekana juu ya kola ya koti, na mwenyewe hudhani ni vumbi la barabarani. Akijikuna sana, ngozi hutoka damu. Akinyoa kwa hasira, huota vipele. Hapo ndipo msafiri huanza kuilaumu nchi ya watu.

Ndugu msomaji, nchi haina kosa. Leo twakualika tufuatane hadi Kasense, mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, tuitazame baridi ya Ufipa ilivyo, na tujifunze namna mwanamume awezavyo kukaa nayo kwa amani. Utaona kwamba vitu vihitajiwavyo ni vichache, na vingi katika hivyo vyapatikana huko huko.

NCHI ILIYO JUU

Ukisha kuipita Mbeya na kufika Tunduma, mpakani mwa Zambia, gari huiacha barabara kuu na kushika njia ya kaskazini-magharibi. Zimebaki kilometa zaidi ya 220. Madereva wa zamani huisimulia njia hiyo kama watu wasimuliavyo vita, kwa matope yake ya masika na vumbi lake la kiangazi. Lakini katika miaka ya 2010 iliwekwa lami, na leo safari ni ya raha. Utapita Laela, na kwa muda mrefu utaona nchi wazi, majani na mashamba hata macho yachoke, miti ikiwa michache. Hiyo ndiyo nyanda ya juu ya Ufipa.

Nyanda hiyo imekaa kama meza kati ya mabonde mawili makubwa. Upande wa magharibi iko Tanganyika, ziwa lenye kina kirefu kuliko yote katika Afrika. Upande wa mashariki liko bonde la Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga upo katika kimo cha meta 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo karibu yapanda juu zaidi. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa ulipoundwa mwaka 1974, na umebaki hivyo hata baada ya Katavi kujitenga na kuwa mkoa wake mwaka 2012.

Wafipa ni wakulima hodari. Hulima mahindi, maharage, ulezi na alizeti, na tangu zamani wanajulikana kwa matuta yao ya mviringo, ambayo ndani yake majani hufukiwa yaoze na kuirutubisha ardhi. Walikuwa pia mafundi wa chuma: waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, yaliyopita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakafua majembe na shoka.

Kuhusu jina la mji, mengi yamesemwa na wasiofika. Watu wa mbali wakilisikia neno Sumbawanga hutikisa vichwa na kuanza kusimulia habari za uchawi. Lakini wenyeji watakueleza kwamba maana ya jina hilo ni agizo: tupa uchawi wako. Mji unaomwambia mgeni auweke uchawi chini kabla ya kuingia haustahili kuogopwa kwa sababu ya uchawi. Cha kuogopa, kama kipo, ni upepo wa alfajiri.

BARIDI ISIYO NA MAJI

Hebu na tuamke Kasense mapema, mnamo saa kumi na mbili za asubuhi, katikati ya kipupwe. Usiku kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi joto 10. Moshi wa majiko hulala juu ya mapaa ya mabati kabla haujainuka. Akina mama wapitao na ndoo wamejitanda vitenge viwili viwili. Watoto waendao shule wameficha mikono ndani ya mifuko. Na vijana wa bodaboda wamevaa makoti mazito ya mitumba, ambayo mwenye kuyashona kwanza aliyakusudia kwa theluji ya Ulaya. Kila asemaye hutoa mvuke kinywani.

Mtu wa pwani huona mvuke huo akadhani hewa ina unyevu mwingi. Sivyo. Mvua za Ufipa huanza kiasi cha Novemba na kukoma kiasi cha Aprili. Kipupwe kifikapo, nchi imekwisha kuanza kukauka, na upepo wa kusini-mashariki huvuma katika nyanda isiyo na miti ya kuuzuia. Tena, hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi wa maji. Hewa hiyo ikaribiapo ngozi ya binadamu, nayo hupata joto. Na ikisha kupata joto huona kiu. Hunywa palipo karibu, yaani katika midomo, katika mikono, na katika kidevu.

Sasa tuzitazame ndevu zenyewe. Unywele uliokwisha kutokeza nje ya ngozi ni kitu kisicho na uhai. Haupumui wala hauli, na ukiukata hauumi. Kilicho hai ni mzizi wake na ngozi iuzungukayo. Katika ngozi hiyo mna vitezi vidogo vitoavyo mafuta, na mafuta hayo ndiyo yalainishayo ndevu na kuizuia ngozi isipoteze maji. Ndevu zikiwa fupi, mafuta hufika mpaka nchani. Zikiwa ndefu, nazo hukua kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi, mafuta huishia njiani. Ongeza juu yake upepo mkavu, maji ya moto na sabuni kali, na hata hayo machache yatafutika.

Basi jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: baridi haiziui ndevu. Kinachoteseka ni ngozi iliyo chini yake, ambayo hatuioni na kwa hiyo hatuitunzi. Mtu aweza kuwa na ndevu za kutamanika, kumbe chini yake mna ngozi iliyopasuka kama shamba la Oktoba.

NDEVU SI JAMBO GENI

Kuna wasemao kwamba habari za kutunza ndevu ni anasa ya vijana wa mijini. Maneno hayo hayana nguvu katika Ufipa. Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadri Weupe, walipokea kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kilichokuwa kimejengwa na Wabelgiji mwaka 1879, na kutoka ziwani kazi yao ikaenea mpaka nyanda za juu. Picha zao za zamani zawaonyesha wamevaa kanzu nyeupe, na ndevu zao zimewafika kifuani.

Lakini haikuwapasa wenyeji kungoja wageni ili wajue heshima ya ndevu. Ndevu za mzee, hasa zikiwa na mvi, zimekuwa dalili ya umri na busara kwetu sote, bara na pwani, ijapokuwa mbuzi naye anazo na hajapata kuitwa barazani kutoa shauri. Mzee anayezitunza ndevu zake hujitunza mwenyewe na huwastahi wanaoketi karibu naye.

MAJI, MAFUTA NA CHANUO

Ukiwa Kasense wakati wa kipupwe, fuata utaratibu ufuatao, hautakugharimu sana.

Usianze kwa maji. Anza kwa chanuo la mbao lenye meno mapana. Mchana kutwa vumbi la barabara na majivu ya jiko huingia ndevuni. Ukizilowesha kabla ya kuzichana, vumbi hilo hushikamana na ngozi. Zichane polepole kutoka nchani kwenda shinani, kwa maana ndevu kavu hukatika upesi.

Kisha zioshe kwa maji ya uvuguvugu. Tunajua kwamba alfajiri ya Sumbawanga humshawishi mtu ajimwagie maji ya moto sana. Lakini maji hayo huyeyusha mafuta ya ngozi kama yayeyushavyo mafuta ya sufuria. Maji yakiweza kuustarehesha mkono wa mtoto, yatakifaa kidevu chako. Suuza kila siku ukipenda, ila sabuni itumie mara mbili au tatu tu kwa juma, nayo iwe sabuni laini ya kuogea. Sabuni ya mche ni ya nguo na vyombo. Wako wanaume waogeao sabuni hiyo mwili mzima kwa miaka mingi, na pwani hawaoni neno kwa sababu hewa yenyewe ina unyevu. Ufipa watadaiwa deni lote kwa juma moja.

Na kwa kuwa tumetaja maji ya moto, hapana budi tutaje jiko. Watu wengi katika nchi za baridi huteleka maji juu ya jiko la mkaa, kisha huliingiza chumbani lipashe nyumba joto, na kufunga milango na madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Humpata mtu usingizini, na familia nzima huweza kukutwa asubuhi imekufa. Chemsha maji yako nje au mahali penye hewa, na jiko lilale nje.

Ukisha kuosha, futa kwa taulo kwa kugandamiza, usisugue. Usitoke nje ukiwa na ndevu mbichi, hasa kama utapanda pikipiki, kwa sababu maji yakaukapo huchukua joto la ngozi na kuiachia ukavu na baridi pamoja. Ngoja zibaki na unyevu kidogo tu, ndipo utie mafuta.

Mafuta gani? Hapa Ufipa inajitosheleza. Alizeti hulimwa mkoani, na mbegu zake hukamuliwa huko huko. Mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri, ambayo hayajatumiwa kukaangia, huifaa ngozi kavu. Matone manne au matano yatosha kwa ndevu za wastani. Yapakaze katika viganja, kisha ingiza vidole mpaka yaifikie ngozi. Ukiishia juu ya nywele, umepaka koti ukaacha mwili. Mwenye mafuta ya nazi kutoka kwao na ayatumie, lakini asishangae akiyakuta yameganda chupani kama samli, kwa kuwa huganda joto lishukapo chini ya nyuzi 24 hivi. Ayapashe moto mkononi. Mafuta ya mgando nayo ni mazuri kwa midomo na kwa kidevu cha mtu aendaye safari ya upepo.

Atakaye kinga zaidi aweza kujitengenezea marhamu. Misitu ya miombo ya Katavi na Tabora ni nchi ya asali, na palipo na asali pana nta. Chukua kijiko kimoja cha nta safi iliyokunwa na vijiko vinne vya mafuta ya alizeti. Tia katika kopo, na kopo hilo liweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto mpaka nta iyeyuke. Koroga, mimina katika kichupa kikavu chenye mdomo mpana, acha ipoe. Kiasi cha punje ya harage chatosha asubuhi moja. Nta huushika unyevu usitoroke, na upepo ukija hukuta mlango umefungwa.

Mwisho, funika. Skafu au kitambaa laini shingoni huzuia upepo, ila kifuliwe mara kwa mara, kwani sufu chafu husugua ngozi. Dereva wa bodaboda aikague kamba ya kofia yake ya chuma, maana huisugua ngozi mahali pale pale kutwa nzima.

KWA KINYOZI

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa zako tia maji. Wengi hulichukua neno hilo kwa maana yake ya ndani, ya kujiandaa kwa mabaya yaliyompata mwingine. Lakini maana yake ya nje nayo ni dawa. Unywele uliolowa hulainika na kukatika kwa urahisi. Unywele mkavu humlazimisha kinyozi akandamize wembe, na wembe ukikandamizwa huchukua unywele pamoja na ngozi. Katika kipupwe, ngozi ikiwa tayari imekauka, kunyoa kavu ni kujitakia vidonda.

Kwa hiyo mtu mzima hana haya kusema. Mzee huketi, akapokea shikamoo yake, kisha akamwambia kinyozi kijana: "Mwanangu, usinikwangue hivi hivi. Tia maji ya uvuguvugu kwanza." Na kijana mwenye adabu hujibu: "Haya, baba," akachukua kitambaa, akakikamua, akakiweka kidevuni kwa dakika mbili au tatu. Hazipotezi dakika hizo.

Kuna jambo lihusulo nywele zetu hasa. Ndevu za wengi wetu ni za kujikunja. Zikikatwa chini kabisa, ncha yake kali huweza kujipinda na kuingia tena ndani ya ngozi, na hapo huota vipele vyenye maumivu, aghalabu shingoni na chini ya taya. Mwenye vipele hivyo huzidi kunyoa ili avifute, navyo huzidi kuota. Dawa kubwa ni kuuweka wembe kando kwa majuma kadhaa, na kupunguza kwa mkasi au kwa mashine isiyokata mpaka ngozini. Kipupwe, wakati ndevu zenyewe husaidia kukinga kidevu na upepo, ni majira mazuri ya kufanya hivyo kwa yule ambaye kazi yake yamruhusu.

Kubwa kuliko hilo ni usafi wa wembe. Wembe uliomkata mtu mmoja na kupita kwa wa pili waweza kuhamisha virusi vya UKIMWI, na kwa urahisi zaidi virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku saba au zaidi. Ngozi iliyokauka kwa baridi ina mipasuko midogo isiyoonekana. Kila mpasuko ni mlango. Mteja ana haki ya kuona wembe mpya ukifunguliwa mbele yake. Ikiwa ni mashine, isafishwe nywele na uchafu wote kwanza, kisha ipanguswe kwa spiriti. Spiriti juu ya uchafu haifanyi kazi yake.

Wako wateja wanaozikusanya nywele zao zilizonyolewa na kwenda nazo, wakiogopa zisiangukie mkono mbaya. Hatumcheki mtu kwa khofu yake. Twasema tu kwamba katika kibanda cha kinyozi hatari iliyo karibu zaidi haimo katika nywele zilizoanguka sakafuni. Imo katika wembe uliobaki mezani.

Na ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba, usaha, au ngozi inayovimba, usinunue krimu dukani kwa kusikia sifa zake. Nyingine zina dawa za steroidi, ambazo hutuliza mwasho kwa siku chache huku zikiikondesha ngozi na kuuacha ugonjwa wa choa uenee chini kwa chini. Nenda ukapimwe. Sumbawanga ina hospitali ya rufaa ya mkoa.

UKITEREMKA ZIWANI

Msafiri mwenye siku ya ziada asikose kuteremka Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Njia hupita Matai, nayo ni ya zaidi ya kilometa 100. Jirani na hapo, mpakani mwa Zambia, yako maporomoko ya Kalambo, ambapo maji huanguka zaidi ya meta 200 kwa mruko mmoja.

Ziwa lipo meta 770 hivi juu ya bahari, yaani unateremka meta elfu moja na zaidi. Kwa kawaida hewa huongezeka joto la nyuzi sita au saba kwa kila meta elfu za kuteremka, na kidevu chako kitajua kabla ya kipimajoto. Sweta litavuliwa, jasho litatoka, na mafuta uliyoyashukuru asubuhi yatakuwa mzigo mchana, kwa kuwa jasho, mafuta na vumbi vikichanganyika huziba vitundu vya ngozi. Huku chini osha zaidi na paka kidogo. Kesho ukipanda tena Kasense, rudia utaratibu wa nyanda za juu. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeteremka upande wa pili kwenda Muze na bonde la Rukwa.

KIJANA WA BWENI

Tumesema sana juu ya wazee na wasafiri. Yuko mmoja asiyetajwa na watu, naye ndiye ahitajiye zaidi. Ni kijana wa sekondari aishiye bweni katika nchi za baridi, ambaye ndevu zake za kwanza zimeanza kuota. Kanuni za shule zamtaka anyoe. Maji ya alfajiri ni kama barafu, basi hunyoa kavu. Wembe ni mmoja, na wenzake ni watano. Hupeana kama wapeanavyo kalamu. Akipata vipele huona haya kusema, na baba yupo mbali.

Mzazi msomaji, ukimfungia kijana sanduku lake mwanzoni mwa muhula, pamoja na madaftari na blanketi mtilie nyembe zake mwenyewe, kichupa cha mafuta, na kitambaa kidogo. Kisha keti naye jioni moja umwonyeshe: kwanza maji, halafu povu, halafu wembe kwa kufuata uelekeo wa nywele zilalavyo. Mwambie waziwazi kwa nini wembe hauazimwi, hata kwa rafiki wa kufa na kuzikana. Ni mazungumzo ya robo saa. Wengi wetu hatukuyapata kwa baba zetu, si kwa kuwa hawakutupenda, bali kwa kuwa walidhani mambo haya kila mtu huyajua.